Paipu ya Kupumulia

Stesheni wagoni ya baba yangu ilikuwa na rangi ya siagi, na katika mwaka wa mwisho wa kumbeba niliisukuma kuliko nilivyoiendesha. Natia chumvi, najua. Mtu aliyechoka ana haki ya kutia chumvi kidogo.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kajiado. Figo za baba zilipokufa, niliacha kufundisha ili nimpeleke hospitali Kitengela kusafishwa damu kwa mashine, kila Jumanne na kila Ijumaa. Ndugu zangu wa kiume walikuwa na kazi Nairobi. Mimi pia nilikuwa na kazi, lakini hilo halikuwahi kutajwa na mtu yeyote, hata na mimi mwenyewe. Walikuwa wakipiga simu jioni kuuliza mzee ako aje, nami najibu mzee ako sawa, kisha naenda kufua mashuka aliyotapikia.

Baba hakutaka kupanda basi. Gari la mtu mwingine hakulitaka. Alitaka hili alilolinunua zamani, alipokuwa akifanya biashara ya ng'ombe, na ambalo hakuna fundi aliyeruhusiwa kulifungua bila yeye kukaa pembeni akitazama. Na kusema kweli lilifaa. Ukilaza viti vya nyuma, mtu aliyetoka kwenye mashine akiwa hana nguvu analala kama yuko kitandani kwake. Tulikuwa tukitoka nyumbani alfajiri, tunakula vumbi mpaka barabara ya Namanga, halafu Isinya, halafu Kitengela, tukipishana na malori ya simiti. Saa mbili kamili asubuhi kitanda chake kilikuwa kinamngoja. Ukichelewa, kitanda anapewa mwingine, kwa sababu wagonjwa ni wengi na mashine ni chache. Kwa hivyo kila safari nilikuwa na jambo moja tu kichwani, saa mbili. Akikosa mara moja, miguu inavimba. Akikosa mara mbili, pumzi inambana. Kitakachofuata baada ya hapo sikutaka kuuliza.

Siku ya kwanza kabisa kwenye mashine, baba aliitazama damu yake ikizunguka kwenye mpira, akamuuliza nesi tundu lile litazibwa na nini. Nesi akamwonyesha pamba na plasta. Baba akamweleza kwamba kwetu, mwanamume akimtoa ng'ombe damu shingoni, huziba tundu kwa kinyesi kidogo cha ng'ombe kilichochanganywa na singa za mkia, na ng'ombe anarudi malishoni siku hiyo hiyo. Nesi alicheka mpaka akashika ukuta. Ilikuwa mara ya mwisho kwa muda mrefu kumsikia baba akimchekesha mtu.

Gari lilianza kuzima wakati wa kiangazi. Linakwenda vizuri mpaka karibu na Isinya, kisha linakohoa, linaishiwa nguvu, linakufa. Ukikaa nusu saa linawaka tena kana kwamba halijafanya lolote. Nilibadilisha plagi, nikabadilisha chujio la petroli, nikaomba kanisani waliombee. Wapi.

Fundi wetu ni Mkamba mmoja mpole, mwenye gereji ya mabati nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi pale Kitengela. Siku tulipofika kwake tukiwa tumevutwa kwa kamba, alifungua kifuniko cha tangi, likavuta hewa kwa sauti ndefu, fyuuu, naye akanitazama kwa huruma. Akasema mwalimu, gari yako haina ugonjwa, inanyimwa pumzi tu.

Alinieleza polepole, nilivyokuwa nikiwaeleza watoto wa darasa la tatu. Petroli ikitoka kwenye tangi kwenda kwenye injini, lazima hewa iingie ichukue nafasi yake. Isipoingia, tangi linajinyonya mpaka petroli inagoma kutoka. Magari ya zamani yalipumulia kwenye tundu la kifuniko, au kwenye paipu iliyotokea nje. Letu lilitengenezwa baadaye, wakati watu walikuwa wameanza kuogopa mvuke wa petroli, kwa hivyo lilipumulia kwenye mipira iliyofika mpaka kwenye mkebe wa mkaa karibu na injini. Mkaa huo ulikuwa umesagika ukawa unga na kuziba njia yote. Mkebe mwingine haukupatikana popote, hata kwa wale wanaochinja magari mabovu na kuuza viungo vyake. Fundi akasema basi, turudie mambo ya wazee.

Alianza na njia ya mkato, akatoboa kifuniko. Yalikuwa makosa. Kila kona petroli ilimwagika, harufu ikajaa ndani, na baba, ambaye tumbo lake tayari huchafuka baada ya mashine, alitapika kutoka Kitengela hadi nyumbani. Nilimrudia fundi nikiwa nimewaka. Nilimwambia maneno ambayo mwalimu hafai kuyasema. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, akanivutia kiti, akasema pole.

Mara ya pili alifanya kazi ya kweli. Alitoa mkebe na mipira yake yote, akarudisha kifuniko kizima, kisha akaanzisha paipu nyembamba ya shaba juu ya tangi. Aliipandisha juu kabisa ndani ya bodi ili petroli isiifikie hata gari likiinama, akaishusha tena ikatokea nyuma ya gurudumu la nyuma, mdomo ukitazama chini. Baba alikaa juu ya debe akifuata kila kitu. Miezi mingi alikuwa hajauliza swali kuhusu jambo lolote duniani. Siku hiyo aliuliza. Aliuliza paipu inaanzia wapi na inaishia wapi. Aliuliza ikizibwa itakuwaje. Fundi akamwambia gari itaenda kidogo halafu itazima. Na ikizibuliwa? Itawaka, mzee. Na hakuna kitu kitaharibika? Hakuna mzee, itakuwa imelala tu. Baba akaitikia kwa kichwa. Nilifurahi sana. Nilijiambia mzee wangu amerudi.

Kwa wiki tatu gari lilikwenda bila neno. Halafu Ijumaa moja likazima palepale karibu na Isinya. Nilifungua kifuniko, fyuuu. Nikakilegeza, nikakifunika kwa kitambaa, tukajikokota tukafika tumechelewa. Kitanda kilikuwa na mtu. Tulingoja mpaka alasiri, baba akapewa nusu ya muda wake. Fundi alichokoa paipu kwa waya, kikatoka kitu kama udongo mkavu. Nyigu, akasema, hao wanapenda kujenga kwenye vitundu. Akafunga kipande cha wavu mdomoni mwa paipu. Baba alikuwa amelala nyuma ya gari, macho kayafumba.

Siku za mnada wa mifugo gari halikuzima hata mara moja. Nilikuwa nikimpeleka Kajiado, wakati mwingine hata Bissil, namwachia mlango wazi, wazee wenzake wanakuja kumsalimu, naye anakosoa ng'ombe wa watu mpaka saa sita mchana. Kwenda salama, kurudi salama. Ningekuwa na akili iliyolala vizuri ningeliona hilo. Lakini nilikuwa nikilala saa chache, tena nikiwa nimetega sikio kumsikiliza anavyopumua chumba cha pili.

Halafu ikaja Jumanne moja. Isinya, kikohozi, kimya. Ilikuwa saa moja na dakika arobaini. Nilishuka na bisibisi na koleo, nikachuchumaa nyuma ya gurudumu, malori yakinipulizia vumbi mgongoni. Wavu wa fundi ulikuwa bado umefungwa. Ulikuwa umefungwa vizuri hata kuliko alivyoufunga yeye, waya umezungushwa mara tatu na ncha yake imekunjwa kwa ndani isimchome mtu. Nikaukata. Nikachokoa. Kikaniangukia kiganjani kinyesi cha ng'ombe, kibichi bado katikati, kimechanganywa na singa za mkia, kimeviringwa kikawa kama kizibo. Nyigu gani anajua kufunga waya.

Nilikasirika kwanza, niseme ukweli. Niliyafikiria mashuka, na darasa langu ambalo mtu mwingine alikuwa analifundisha, na zile alfajiri zote. Nikaenda nikafungua mlango wa nyuma, nikamwonyesha kiganja.

"Papa, ni wewe?"

Hakukana. Alijikongoja akakaa. Nyumbani tunaongea Kimaa, lakini alinijibu kwa Kiswahili, lugha aliyozoea kuitumia kwa madaktari na watu wa ofisi, akitaka nisikie vizuri.

"Mimi nimetoa ng'ombe damu tangu niwe kijana," akasema. "Hakuna hata moja nilitoa mara mbili kwa wiki. Ukitoa leo, unaiacha ikae. Na ile imezeeka, hutoi hata tone."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia tu, mdomo si anao. Akasema ningekataa. Akasema nilikuwa nimeacha kazi juu yake, na mtu hawezi kumwambia mtoto aliyeacha kazi kwamba alichoachia kazi hakitaki tena.

"Nilikuwa nangoja wewe uchoke kwanza," akasema. "Ukichoka, utaacha mwenyewe. Lakini wewe huchoki."

Nilikaa kwenye ukingo wa buti, kile kizibo bado mkononi. Sikuwa nimewahi kulitamka neno hilo kwa mtu, si kwa ndugu zangu, si kwa mchungaji.

"Papa, mimi nilichoka zamani."

Nikamweleza na lile lililonitia aibu zaidi, kwamba kila gari lilipozima, kabla hofu haijaja, kulikuwa na dakika moja ambapo nilishukuru kwa sababu nilikuwa nimekaa na hakuna aliyenihitaji. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono. Kwetu mtoto humwinamia mzazi kichwa ili aguswe, hata mtoto mwenyewe akiwa na mvi, nami ninazo. Niliinama ndani ya mlango, akauweka mkono juu ya kichwa changu, na mkono wake ulinuka ng'ombe.

Hatukugeuza gari pale. Nilimwambia bila mashine hana siku nyingi. Akasema anajua, alikuwa amemuuliza nesi kitambo. Akataka tufike Kitengela aage, kwa sababu watu wale walikuwa wamemtunza na hawezi kuwatoroka. Tulifika tumechelewa na safari hii haikujalisha. Daktari alimuuliza mara tatu kama ameelewa, na mara tatu alielewa, akatia kidole gumba kwenye karatasi. Nesi yule wa plasta alilia waziwazi. Wakati wa kurudi baba aliniamuru nisimame kwenye gereji, akamwambia fundi kwamba kazi yake ni safi na nyigu hawakuwa na makosa. Fundi aliduwaa, akanitazama, akaelewa, akavua kofia.

Ndugu zangu walikuja kutoka Nairobi siku ya pili wakiwa wamekasirika. Mkubwa wao alisema mbele ya watu kwamba nimemchoka mzee. Nikamjibu ndiyo, nimechoka, na mzee pia amechoka, mkae naye muone. Wakakaa. Usiku wa kwanza tu walinyamaza.

Baba alikaa nasi siku kumi na mbili. Alipata minada miwili, wa kwanza akiwa ameketi, wa pili akiwa amelala nyuma ya gari na mlango wazi, wazee wakiinama kumwambia ng'ombe gani amekuja. Hakutapika tena garini.

Nimerudi kufundisha. Nafasi iliyopatikana ilikuwa Kitengela, kwa hivyo barabara ni ileile na gari ni lilelile. Fundi anasema paipu ile itadumu kuliko gari lenyewe, na nadhani ni kweli, maana tangu siku hiyo halijazima hata mara moja. Kuna asubuhi, nikikaribia Isinya, naondoa mguu kidogo kwenye mafuta, nasikiliza, nangoja likohoe. Halikohoi. Linanifikisha Kitengela kabla ya saa mbili.