Binti Yangu Alimwita Bibi Yake kwa Jina, Nami Nikapiga Kigelegele

Admin, jina langu nifichie kabisa, maana mawifi zangu wote wanausoma ukurasa huu na mmoja wao hapiti posti bila kutoa maoni.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, naishi Kilifi na mume wangu. Mungu ametujalia mtoto mmoja, binti wa miaka minane. Kazi yangu ni msaidizi wa mwalimu katika shule ndogo ya kimataifa upande wa Bofa, inayofundisha kwa mtindo wa Uswidi. Watoto hawavai sare, hawachapwi, na nusu ya siku wako nje wanachimba mchanga na kupika kwenye moto wa kuni. Na kila mtu anaitwa kwa jina lake tupu, kuanzia mwalimu mkuu mpaka bawabu. Hakuna mwalimu fulani, hakuna shikamoo. Mwanzo nilikuwa naona haya, baadaye nikazoea.

Binti yangu ana kigugumizi. Shule aliyoanzia, mwalimu alikuwa akimsimamisha mbele ya darasa mpaka amalize sentensi, wenzake wanavunjika mbavu. Ikafika mahali mtoto akanyamaza kabisa, akitaka maji ananyoosha kidole. Shule yetu inapokea watoto wa wafanyakazi, nikamhamishia huko. Walichomfundisha ni kitu kimoja tu: usikimbie, mtazame mtu machoni, anza na jina lake, kisha sema lako. Wallahi mtoto alifunguka. Mpaka mie mwenyewe nikawa namwambia apumzike, kichwa kinaniuma.

Lakini neno lililokuwa likimtesa kuliko yote ni shikamoo. Kila tukienda Mambrui kwa mavyaa wangu, mama wa mume wangu, lilimkaba mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na binamu zake wakawa wanamwigiza. Mavyaa alikuwa akimuuliza kama nyumbani hafundishwi, huku ananitazama mimi.

Idi iliyopita tukaenda. Watoto wakapanga foleni sebuleni, kila mmoja anabusu mkono wa bibi, anaamkia, anapewa peremende zake. Zamu ya wangu ilipofika binamu zake walishaanza kubana midomo. Mtoto akabusu mkono, akainua uso, akavuta pumzi, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Khadija, nimekuletea kashata. Nimezipika mwenyewe."

Hakukwama hata mara moja. Jamani, mie ni mzazi. Nilisubiri miaka kumsikia mwanangu akisema neno moja zima mbele ya watu wale. Kigelegele kilinitoka kabla sijajua kama ni mie ninayekipiga.

Wifi yangu mkubwa akauliza tangu lini mkaza mwana akashangilia mkwewe kutukanwa. Mavyaa akaziweka kashata kwenye sahani, akaisukuma mbali.

Nikamwambia, "Mama, hakukwama. Hukusikia kwamba hakukwama?"

Akanijibu polepole, "Nilichosikia ni jina langu. Marehemu mume wangu hakuwahi kunitamkia jina langu mbele za watu."

Nikaomba radhi, nikaeleza mambo ya shule, nikaonekana nazidi kujitetea. Na mume wangu, aliyekuwa akimfuta mtoto huyu machozi akirudi kutoka shule ile ya kwanza, alikaa anatazama zulia. Mavyaa na mawifi wakakata shauri kwamba mtoto abaki Mambrui atiwe adabu, asome shule ya hapo. Mume wangu akaitikia kwa kichwa. Siku hiyo nilimchukia, na sijaacha.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu wetu, Mswidi, nikamsihi tufuatane tukamweleze mavyaa kwamba mtoto hakufundishwa dharau. Akanikumbatia, akasema wao wanaheshimu uamuzi wa familia. Wanaheshimu! Wiki hiyo hiyo ilikuwa siku ya utamaduni, watoto wa wageni wakafundishwa kusema shikamoo, wazazi wao wakawapigia makofi na kuwapiga picha. Aliyepewa kazi ya kuwafundisha ni mimi.

Juzi nilikwenda kumtazama mwanangu. Mavyaa akamwita aniamkie. Mtoto akalipigania lile neno, jasho linamtoka, mpaka akalimaliza. Mavyaa akafurahi kweli kweli, akaniambia sasa nimeona mwenyewe mtoto amenyooka. Nikamuuliza binti yangu habari za shule mpya, akainua mabega. Nikamuuliza kama amekula, akanionyesha sahani kwa kidole. Amerudi kule kule nilikomtoa.

Nilipokuwa navaa viatu akanifuata mlangoni, akanishika buibui. Alitaka kuniita mama. Ikamkwama, akajaribu tena, ikamkwama. Kisha akaniita kwa jina langu, taratibu, wala hakukwama. Papo hapo akajiziba mdomo kwa mikono miwili, akageuka kutazama kama bibi amesikia.

Mume wangu ameshaniambia nikimchukua mtoto bila idhini ya mamake, nipitilize naye moja kwa moja kwa wazazi wangu, nisirudi kwake. Na mavyaa si mtu mbaya, mtoto anampenda, hilo ndilo linalonikata maini. Nimemaliza machozi, nimebaki na hasira tu. Nyinyi mliolelewa pwani kama mimi, mnaoijua shikamoo uzito wake, nishaurini: nimwache mwanangu apate adabu akose sauti, au nikamchukue kesho na ndoa iende zake?