Unga Usiotaka Kutulia Sironga

Niliondoka kwangu Nyamache kwa sababu moja: nilitaka kumwona binti yangu Moraa. Tangu tumzike baba yake hajakanyaga boma letu. Nilituma wanawake wa kanisa wamwite, wakarudi na salamu tu. Nikachoka na salamu.

Asubuhi hiyo nilibeba ndizi, nikashuka barabarani umande haujakauka. Kisii mjini nilibadilisha gari, sikukaa. Kutoka hapo hadi Nyamira ni majani chai huku na huku. Kila mchumaji aliyeinuka kunyoosha mgongo nilimwona ni Moraa.

Sironga nilifika jua likiwa kichwani. Nyumbani kwa Moraa sikwenda. Kwetu mama mkwe haendi ovyo kwa mume wa binti yake, sembuse kulala. Ni ensoni, heshima hiyo. Nikaenda shule anakofundisha kemia; hata likizo hushinda huko.

"Magokoro, umeleta mwanafunzi?" mlinzi aliuliza, akiniheshimu kama bibi yake.

"Nimeleta ndizi. Niitie mwalimu Moraa."

"Na zangu?"

"Ziko kwa mama yako."

Alicheka, akanipeleka maabara. Shule ilikuwa imefungwa kwa likizo. Moraa alikuwa peke yake, anajaribu somo la muhula ujao. Alinishika mkono, hakuuachia. Alikuwa amekonda.

Mezani palikuwa na glasi mbili za maji meupe kama uji.

"Ni unga wa jiwe, Mama. Kalsaiti, jiwe la chokaa. Hii ni ya maji matupu. Hii nimetia maji ya ndimu, nikayapunguza ukali kwa magadi, maana ndimu kali ingelila jiwe litoe povu."

"Sasa unangoja nini?"

"Ni unga gani utatulia kwanza."

Tukaketi. Nilimshukuru Mungu kwa kazi ya kungoja. Maji matupu yalianza kung'aa juu, unga ukashuka. Ya ndimu yalibaki meupe vile vile.

"Kwa nini huu haushuki?"

"Asidi ya ndimu imeshika ngozi ya kila chembe, ikaipa umeme mdogo. Umeme wa chembe zote ni wa aina moja, kwa hivyo zikikaribiana zinasukumana. Hazishikani zikawa nzito."

"Zinachukiana?"

"Aa, Mama. Zinafanana tu."

Nikamuuliza wazi: "Mbona huji nyumbani?"

Alitazama glasi. "Nikija wataniuliza kwa nini sikulia siku ya mazishi ya Baba. Shangazi alisema nina moyo wa jiwe. Hata hao unaowatuma huniuliza."

"Nitakaa mlangoni. Anayetaka kukuuliza aniulize mimi kwanza."

Alicheka, machozi yakamtoka hapo hapo. Nilimwacha alie. Sikumwambia nyamaza.

Alasiri ilibidi niondoke, kwa kuwa pa kulala sina. Maji ya ndimu yalikuwa bado meupe. Nilitamani tukae mpaka yatulie.

"Hayo yatakaa hivyo hadi lini?"

"Labda kesho."

Hakusema atakuja. Alinisindikiza hadi lango, akasimama pale mpaka gari likapinda.

Nilifika Nyamache giza likiingia. Nilichojifunza ni hiki: kumwita kwa midomo ya watu ndiko kulikomzuia. Siwatumi tena. Kitanda chake nimekitandika, na nikisikia hatua uani natoka mwenyewe. Mpaka leo waliokuja ni majirani tu.