Ulimi wa Mzee Kipimo

Maabara yetu ya bahari ina kifaa cha kisasa cha kupima chumvi, lakini kwa miaka ishirini na mmoja tuliuamini zaidi ulimi wa Mzee Kipimo. Kila asubuhi, kabla sijafungua ukumbi wa maonyesho, alipita tangi moja hadi jingine, akachovya kidole, akaonja, akatema kwenye kitambaa. "Hili limezidi kidogo," alikuwa akisema, na kifaa kikija kuulizwa kilikubaliana naye. Mimi kazi yangu ni kuwatembeza wageni.

Siku ya kuwakaribisha wananchi, watu walifurika. Pampu ya maji ya bahari iligoma, na tangi la viti vya pweza, wale wanyama wenye umbo la nyota, lile ambalo wageni wanaruhusiwa kuingiza mikono, likapungua hadi kutia aibu. Mzee alikuwa nje anahangaika na pampu. Nikamimina ndoo nne za maji ya bomba. Nilikuwa najua. Miaka sita nawahubiria wageni kwamba maji ya bomba huwaua wanyama hawa, na bado nikamimina, nikijiambia ndoo nne ni kitu gani.

Kesho yake wote saba walikuwa wamekufa. Daktari, mtafiti aliyewafuatilia kwa miaka mitatu, alipima maji, akakuta chumvi imeshuka, kisha akauliza nani aliyaonja.

"Mimi," alisema Mzee. "Jana asubuhi niliyaona yako sawa. Ulimi umezeeka, Daktari."

Nilijiambia nitasema ukweli mchana, mchana ukawa Jumatatu, Jumatatu ikawa miezi mitano. Mzee hakufukuzwa, aliomba mwenyewe kuhamishiwa getini. Kila nikipita ananiuliza hali ya matangi, nami namjibu "salama" huku nikitazama viatu vyangu. Mwoga mkubwa mimi.

Jana mkewe alileta chakula cha mchana, akanikuta mapokezi.

"Mwanangu, mzee wenu mmemfanya nini huku? Mimi chumvi sijui kuikadiria, tangu tuoane muonjaji ni yeye. Siku hizi nikimpa kijiko anakirudisha. Anasema nimuulize mtu mwingine."

Sikuweza kukaa. Nilimfuata Mzee getini, ameshafunua bakuli lake. Akanisogezea kiti. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama.

Hakupandisha sauti. "Ndoo ngapi?"

"Nne."

Alipiga hesabu kimoyomoyo, ukubwa wa tangi anaujua kama chumba chake. "Nne zinatosha," alisema.

Nikamwomba radhi. Sijui kama alinisikia. Alichota mchuzi kwa ncha ya kijiko, akauweka ulimini, akafumba macho kama alivyokuwa akifanya kwenye matangi. Akaonja tena.

"Hauna chumvi," alisema bila kunitazama. "Miezi mitano naula hivi. Nilidhani ni mimi."