Madonge Kwenye Mguu wa Mwanangu

Mguu wa kwanza wa plastiki ulimvunjikia mwanangu sokoni Mwanjelwa, asubuhi, watu wanaangalia. Alianguka kifudifudi kwenye ngazi za saruji, meno mawili yakabaki pale. Ana miaka mitano, na mguu wake wa kuzaliwa ulisagwa na lori la nyanya kwetu Ilula. Nilimbeba mgongoni, damu yake inanishuka shingoni, nikaokota kipande cha ule mguu nikaenda nacho karakana ulikotengenezwa.

Fundi aliyeuchapa alikuwa ameinamia mashine yake. Sikumsalimia. Nilimpiga nacho begani, nikarudia.

"Dada, utaniua."

"Ndicho kilichonileta."

Alikuwa ametuahidi mguu mgumu kuliko plastiki ya kawaida. Anachanganya plastiki na unga wa kaboni, chembe za nano, ndogo hata darubini ya shule haizioni. Anayeyusha, anaivuta iwe kama waya, mashine inautumia huo kuchapa mguu tabaka juu ya tabaka. Nikamshika kisogo, nikamsogeza uso hadi palipovunjika. Ndani kulikuwa na vidoa vyeusi, vimejazana kama mayai ya chawa.

"Unga umegandana," akasema, anafuta pua. "Hapo ndipo pamekatika."

"Uliuchanganyaje?"

"Niliumwaga wote kwenye ndoo iliyojaa plastiki iliyoyeyuka, nikakoroga kwa mti."

"Kwenu hamkunywa uji wewe? Haya madonge hata mbwa wa Mbalizi hali."

Nikamwambia: unga wa uji unaanza na maji kidogo ya baridi, unaufikicha mpaka ulainike, ndipo unamimina kwenye sufuria. Niliishia kidato cha nne, na hilo sikufundishwa huko.

Akafanya hivyo hivyo. Unga wote kwenye plastiki kidogo, akayeyusha, akasaga, akayeyusha tena, ndipo akaongeza plastiki iliyobaki. Siku tatu nilikaa mlangoni pake na mtoto mwenye mdomo uliovimba.

Alichapa miguu miwili. Mmoja niliuweka juu ya jiwe nikaupiga nyundo mpaka mkono wangu ukafa ganzi. Ulikwaruzika tu. Wa pili tukamvalisha mtoto.

Alisimama. Akatembea mpaka kwa fundi, akampiga teke kwenye muundi kwa ule mguu mpya. Fundi akakaa chini, ameshika mguu, machozi yanamlenga.

Mwanangu akaukagua wake, juu mpaka chini.

"Mama, haujavunjika."

"Mpige tena," nikasema.