Herufi Niliyomwongezea Feruzi

Aibu hii niliitafuta kwa sindano yangu mwenyewe, kwa hiyo msinionee huruma. Enzi hizo za Mwingereza tulikuwa tunakaa Temeke, mie mchumba wa Feruzi Mabruki, karani wa bohari, na kutarizi nilifundishwa na bibi mmoja wa Kizungu (kiburi changu kilikuwa hakipiti mlangoni), akatuambia foronya za harusi hupambwa kwa herufi tatu za jina la mume, ya katikati kubwa kuliko zote. Feruzi alikuwa na mbili tu. Nikawaza weee, mwisho nikasema, kwani bin ni ya kununua? Nikatia B ya uzi mwekundu, kubwa kama kisahani, wala sikumwuliza mwenyewe.

Na si kwamba sikujua. Pwani nani asiyejua? Waungwana ndio waliojiita fulani bin fulani. Ambao wazee wao walinunuliwa waliitwa majina mawili matupu, basi.

Siku mbili kabla ya harusi wanawake wakaja kutazama kitanda, chumba kimejaa udi na vigelegele, mama yake Feruzi amekaa mkekani. Shangazi yangu Mwanahawa, ambaye posa ile hakuitaka tangu mwanzo, akanyanyua mto.

"B ya nini hii?"

"Ya bin, shangazi. Feruzi bin Mabruki," nikajibu, tena kwa sauti (mjinga mie!).

Akacheka hadi akashika mbavu. "Bin! Mabruki jina kapewa na bwana aliyemnunua, hiyo bin kaiokota wapi?"

Wengine wakacheka, wengine wakatazama chini. Mama yake Feruzi akainuka taratibu, akajitanda kanga yake vizuri.

"Mwanangu hakukuomba herufi," akaniambia, akatoka.

Alasiri Feruzi akaja, akasimama barazani, ndani hakuingia.

"Unalionea haya jina langu?"

"Hapana, nilitaka zitimie tatu. Urembo tu."

"Ungekuwa urembo, ungeniuliza."

Alisema kweli: nilitaka shangazi zangu waone naolewa na mtu mwenye bin. Ijumaa, siku ya harusi, pilau haikupikwa. Feruzi akahamia Tanga, akaoa hukohuko.

Siku hizi natarizia watu. Akija mteja namwuliza jina lake analiandikaje na anataka herufi ngapi, na akisema moja, natia moja.