Nguzo ya taa niliyoifukuza getini kwangu

Leo nimeaibika mbele ya mtaa mzima, na nilistahili.

Tulikuwa na mkutano wa taa za barabarani. Nikasimama wa kwanza: "Kwa nini kichochoro chetu kimerukwa? Si tuko hapa hapa karibu na soko kuu?"

Makofi! Nikajiona mbunge wa Sumbawanga, jamani.

Mwenyekiti wa mtaa akanitazama. "Nguzo yenu ilipangwa getini kwako. Mafundi walipokuja uliwafukuza, ukasema itakubania njia ya gari."

Ni kweli. Nilikuwa nimejisahaulisha.

Nikamwambia waje waichimbie popote, hata kama gari litalala nje. Lakini macho yangu yalikuwa kwa Bibi Maria, jirani yangu, mkono umefungwa plasta. Wiki iliyopita alitumbukia mtaroni kwenye kile kichochoro, akienda misa ya alfajiri.

Mkutano ulipoisha nikamfuata. "Shikamoo bibi. Naomba unisamehe."

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema, anatabasamu kabisa. "Kumbe lilikuwa giza tu? Mimi nilidhani macho yangu ndiyo yameisha."

Nyie mngemwambia nini?