Mama Kaenda Kuona Uwanja, Kaona Majani

Jamani, leo mama yangu amenivunja mbavu uwanjani!

Kashuka kutoka Machame, nikampeleka auone ule uwanja wa mpira wa hapa Moshi anaousikia redioni.

Leo hakuna mechi. Mlinzi akatuzuia getini.

"Shikamoo mama. Leo hatuingizi watu."

Mama akachungulia ndani. Vijana wanafyeka majani.

"Marahaba, baba. Hayo majani mnapeleka wapi?"

"Tunatupa."

"Mnatupa? Na ukame huu, ng'ombe wangu anakula migomba mitupu!"

Mlinzi akacheka, akafungua geti.

Mimi nahangaika na picha, mama anashindilia majani kwenye kiroba, mlinzi anamsaidia! (Wenye mama wa huku mlimani mnanielewa.)

Tulipotoka nikamuuliza, "Mama, uwanja umeuonaje?"

"Mzuri sana. Hebu rudi uwaulize, watafyeka tena lini?"